Tundu la Chumba cha Chini

Jumanne asubuhi Inspekta Zagorka Lakićević aliliwasha lile jiko tena, na safari hii aliliwasha kwa mikono yake mwenyewe. Alipanga vijiti vikavu vya mzeituni, juu yake kuni za mwaloni, akafunga mlango wa chuma, akajipangusa masizi kwa leso. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda ambacho Andrija Mrvaljević alikutwa juu yake Jumapili, amelala ubavu, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka kucheka.

"Kaa na wewe, Sajini."

"Nitasimama, mkuu."

"Kuna nini?"

Sajini Bulajić akaonyesha dirisha, halafu mlango. Vyote vilikuwa wazi. "Upepo unanikata hapa katikati. Funga kimoja, tafadhali. Mwaka jana nilikaa hivihivi kwa shemeji yangu, shingo ikagoma wiki nzima. Nikawa nasalimiana na watu kwa bega."

"Mtu mzima, bastola kiunoni, anaogopa upepo."

"Bastola haitibu kichomi, mkuu."

Zagorka akafunga dirisha, na mlango pia, kwa sababu ndivyo jaribio lilivyotaka. Madirisha ya nyumba ile yalikuwa mapya, ya plastiki, yenye mpira pembeni. Ukiyafunga husikii hata bahari, ingawa bahari ilikuwa pale chini ya bustani ikipiga mawe tangu Ijumaa. Hewa ilibaki na njia moja tu: tundu la duara ukutani, juu kidogo ya mto wa kitanda, upana wake kama mdomo wa kikombe. Fundi wa zamani alilitoboa makusudi. Chumba hicho kilikuwa cha mapipa ya mvinyo kabla ya kuwekewa kitanda na jiko la kuni.

Watu watatu walikuwa wamekuja hapa Maslinjak, pwani, kutoka Nikšić, milimani, kupumzika mwisho wa juma, kama walivyofanya kila mwaka kabla watalii hawajaujaza ufuo. Andrija. Mchumba wake Senka, ambaye nyumba ni ya mjomba wake. Na Vukota Drekalović, rafiki wa Andrija tangu darasa la kwanza. Andrija alifika na homa. Jumamosi jioni akaenda kulala peke yake chumba cha chini, penye jiko, asije akawaambukiza wenzake. Vukota na Senka walilala vyumba vya juu. Asubuhi Vukota alikuwa wa kwanza kushuka, na alichokuta ndicho kilichomfikisha mahabusu.

Daktari hakuwa na shaka: gesi ya moshi wa jiko, ile isiyo na rangi wala harufu. Lakini polisi walipofika walikuta dirisha wazi na tundu wazi, na jiko likiwa na majivu tu.

Kifaa cha kupimia gesi kilikuwa juu ya stuli. Bulajić alikiinamia.

"Sufuri," alisema baada ya muda. "Bado sufuri. Na upepo wa kusini umeugeuza moshi, uone unavyorudi chini bombani. Hapa angelala bila wasiwasi, mkuu."

"Nipe shali yako."

"Shali yangu? Mkuu, hii kanunua mke wangu. Ikirudi na masizi, kesi itakuwa yangu."

"Lete."

Zagorka aliikunja ile shali ya kijani, akaisukuma ndani ya tundu mpaka ikakaza. Wakatoka, wakafunga mlango, wakabaki ukumbini wakichungulia kwa kioo cha mlango. Namba zilianza kupanda. Zikapanda tena. Kifaa kikalia, na kikaendelea kulia mpaka Bulajić akajichora msalaba.

"Basi ni hivyo," alisema. "Aliliziba, akasubiri, asubuhi akalizibua na kufungua dirisha ili gesi itoke. Huyo Vukota ana akili."

"Kwa nini unasema Vukota?"

"Nani mwingine? Jirani alimsikia wakati wa chakula, mpaka nje ya ukuta. 'Ukienda Ujerumani, kwangu umekufa!' Maneno hayo, mkuu. Na yeye ndiye aliyeingia kwanza."

 Zagorka alifungua madirisha yote, akangoja kifaa kinyamaze, akapanda juu ya kitanda akiwa amevua viatu. Alivuta shali, akamulika ndani ya tundu kwa tochi. Mawe ya ndani yalikuwa na makali, yamepakwa chokaa iliyoanza kumomonyoka. Kwenye ncha ya jiwe moja kulikuwa na nyuzi zimenasa. Alizitoa kwa kibano, akaziweka kwenye mfuko wa plastiki. Sufu ya kijivu, nene, ya kusokotwa kwa mkono. Na katikati yake, uzi mmoja mwekundu.

"Shali yako ni ya kijani," alisema.

"Na sasa ni nyeusi," akasema Bulajić kwa huzuni.

Mwendesha mashtaka alikuwa ametaka jibu kabla ya adhuhuri: Vukota ashtakiwe kwa kuua kwa kukusudia, au aachiwe. Katika siku zote hizo kijana huyo hakuwa amejitetea kwa neno hata moja.

*

Kilio cha Stane Mrvaljević kilisikika kabla gari halijasimama. Mama huyo alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi wa kituo, amevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi, akimlilia mwanawe kwa sauti ya kina mama wa milimani, akitaja kimo chake, mabega yake, viatu vyake vilivyobaki mlangoni. Makarani walipita wakiinamisha vichwa. Alipomwona Zagorka alinyamaza, akasimama.

"Ameshasema? Yule nyoka ameshasema?"

"Bado, mama. Njoo ofisini."

Zagorka alimpa kiti na maji. Ofisi ilikuwa na joto la watu na makaratasi, kwa hiyo aliacha mlango wazi na kufungua dirisha. Stane alikunywa kidogo. Kisha aliweka glasi chini, akainuka kwa shida, akaenda kulifunga dirisha na kulisukuma kwa kiganja kuhakikisha limekaza.

"Utakaaje hapo katikati, binti? Mgongo wako uko wazi kabisa. Nyie vijana mnadhani figo zinauzwa dukani." Akarudi kukaa. "Na Andrija alikuwa hivyo hivyo. Nimemlea kwa kufungafunga madirisha. Akiumwa sikio, ni upepo. Akiumwa jino, ni upepo. Nilikuwa namwambia, mwanangu, risasi unaisikia, huo husikii."

"Uliongea naye Jumamosi?"

"Na yeye hapana, alikuwa amelala na homa yake. Nilipiga nikaongea na Senka." Machozi yalianza tena lakini sauti ilibaki imara. "Nikamuuliza, amekula? Kala supu. Amejifunika? Kajifunika. Nikamuuliza, lile tundu la ukutani pale kwenye mto bado lipo? Maana mimi nililala chumba kile kiangazi, nikaamka shingo imepinda kama ndoano. Senka akasema lipo. Nikamwambia, mwanangu, mtu ana homa, na upepo unamwingia utosini! Lizibe sasa hivi, usingoje. Akacheka, lakini akaniahidi. Mtoto mzuri Senka, anasikia."

Zagorka alikuwa ameshika kalamu. Hakuandika.

"Aliliziba na nini, mama?"

"Nitajuaje? Nilimwambia achukue chochote cha sufu. Nilikuwa nimemtilia Andrija soksi mpya kwenye begi, za kijivu, zina mduara mwekundu juu. Mguu wake mkubwa, nilimaliza sufu yote ya kondoo wa dada yangu." Akajifuta macho. "Kwa nini unaniuliza habari za tundu? Niulize habari za Vukota. Miaka yote kala mezani kwangu. Mama yake alipofariki nani alimfulia? Mimi! Nani alimkata nywele? Mimi! Halafu ananiulia mtoto kwa kuwa mtoto anataka kwenda Ujerumani kutafuta maisha."

"Walikuwa wanagombania nini hasa kuhusu Ujerumani?"

"Sijui na sitaki kujua. Wivu."

"Kaa hapa kidogo, mama. Sajini atakuletea kahawa."

Ukumbini alimkuta Bulajić anakuja na kikombe. Aliangalia uso wa mkuu wake, akaacha mzaha aliokuwa ameuandaa.

"Usimruhusu atoke humo," alisema Zagorka. "Na asiongee na mtu."

*

Vukota Drekalović aliletwa chumba cha mahojiano akiburuta viatu visivyo na kamba, kwani kamba huchukuliwa mahabusu. Alikuwa mfupi, mwenye ndevu za siku chache. Alikaa, akaweka mikono mezani.

"Vua viatu," alisema Zagorka.

"Nini?"

"Viatu. Vua."

Alivivua polepole. Soksi zilikuwa za sufu ya kijivu, nene, zenye mduara mwekundu juu. Zagorka aliinama chini ya meza na kuzitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Alijua kufuma, bibi yake alimfundisha kabla hajajua kusoma. Kisigino cha soksi kilikuwa kimefumwa kwa mishono maradufu, kazi safi sana, lakini hakikukaa kwenye kisigino cha mtu. Kilikuwa juu, nyuma ya kifundo, kimefanya tumbo. Na mbele, kitambaa kilichozidi kilikuwa kimekunjwa chini ya vidole.

"Nani alikufumia?"

"Mama Stane. Hunifumia kila mwaka, waulize watu."

"Nawaamini. Kila mwaka anakupima mguu?"

Vukota akairudisha miguu chini ya kiti.

"Mwanamke anayefuma kisigino cha namna hii hakosei mguu. Hizi ni za mtu mrefu kuliko wewe kwa kichwa kizima. Ya kulia ina chokaa kwenye ufumo, na imetoka nyuzi juu. Nyuzi zenyewe ninazo." Aliweka mfuko wa plastiki mezani. "Polisi walilipekua gari lako, begi lako, takataka zako. Hawakufikiria kuangalia miguuni."

Vukota aliutazama ule mfuko. Alipoongea, aliongea haraka.

"Sawa. Nilimuua. Niliziba tundu, nikamwacha, asubuhi nikazibua. Andika. Nitatia sahihi."

"Kwa nini?"

"Tuligombana. Jirani si amewaambia?"

"Alituambia maneno. Sababu hakuisikia. Wewe niambie."

"Wivu tu. Nilimtaka Senka."

"Mwongo," alisema Zagorka bila hasira. "Ungemtaka Senka ungefurahi Andrija aende Ujerumani peke yake. Uligombania nini?"

Mvua ilikuwa ikigonga mabati ya banda la magari nje. Vukota alisugua uso kwa viganja vyote viwili.

"Nilimuuliza nani atabaki na mama yake," alisema. "Basi. Akaniambia, wewe si upo? Nikamwambia mimi si mwanawe, akasema una tofauti gani. Ndipo nikapiga kelele."

"Halafu mama akapiga simu."

Akainua kichwa.

"Simu ilikuwa mezani, imewekwa sauti ya wazi," Zagorka aliendelea. "Au nakosea? Wote wawili mlisikia. Mlicheka. Senka akashuka na soksi, akaziba. Asubuhi ukaenda kumwamsha. Ukaona mashavu yake, ukaona tundu, ukaelewa kabla ya daktari yeyote. Ukafungua dirisha, ukazitoa soksi. Zilikuwa na masizi upande mmoja, ukazigeuza ndani nje, ukazivaa, kwa sababu Senka alikuwa anashuka ngazi na hukuwa na pa kuziweka."

"Hukuwepo."

"Sikuwepo. Ndiyo maana nakuuliza."

"Senka ameshasema nini?"

"Nitampigia sasa hivi."

"Usimpigie!" Alikuwa amesimama, na askari mlangoni akapiga hatua moja. Vukota akakaa mwenyewe. "Dada, nisikilize. Tafadhali. Andika mimi. Nilikuwa nimelewa, nilishuka, nikaziba, sikujua. Hiyo ni miaka mingapi? Mitatu? Minne? Nitakaa. Sina mtu wa kunililia. Lakini yule mama ukimwambia..." Hakumaliza. "Ananichukia sasa. Acha anichukie. Kuchukia kunamshika mtu, anaamka asubuhi, anakula apate nguvu ya kuchukia. Ukimwondolea hiyo utamwachia nini?"

Zagorka alichukua simu, akatoka nayo ukumbini. Senka alikuwa kwa shangazi yake mjini, chini ya dawa za usingizi. Alipopokea sauti yake ilikuwa nzito. Zagorka alimuuliza swali moja. 

"Vukota aliniapisha," alisema Senka. "Alinishika mabega jikoni akaniambia, wewe hukuziba kitu, unasikia, hukuziba kitu. Nikaapa. Inspekta, mimi nilidhani... alikuwa na jasho, nilidhani namkinga."

"Najua."

"Mama ameshajua?"

Zagorka akaomba shangazi apewe simu, akamwelekeza asimwache msichana peke yake hata chooni. Akampigia mwendesha mashtaka. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Vukota aachiwe, alisema mwendesha mashtaka, la kuficha ushahidi tutaliangalia baadaye. Senka atahojiwa akipata nafuu. Maelezo ya simu ya mama yaingizwe yote kwenye faili, hayawezi kuachwa nje, kwani bila hayo uzembe wa msichana hauelezeki. Na faili itasomwa mahakamani, mbele ya familia.

"Kwa hiyo atasikia tu," alisema Bulajić, aliyekuwa amesimama karibu.

"Atasikia."

"Kwa hakimu, mbele ya kijiji kizima."

"Au kwangu," alisema Zagorka. "Leo."

*

Stane hakuwa amegusa kahawa. Zagorka alifunga mlango nyuma yake, akakaa upande ule ule wa meza, kiti kwa kiti.

"Mama, Vukota hakumuua Andrija. Hakuna aliyemuua."

"Alikufa mwenyewe? Mtu wa miaka thelathini na moja?"

"Jiko lilikuwa linarudisha moshi, kwa sababu ya upepo wa kusini. Ule moshi una gesi. Madirisha ni mapya, hayapitishi kitu. Chumba kile kilikuwa kinapumua kwa lile tundu."

Alisema polepole, kisha akaacha. Stane alikuwa akimtazama midomo. Mkono wake ulikwenda kwenye kitambaa cha kichwa, ukakivuta mbele, ukakirudisha nyuma.

"Lakini lilikuwa limezibwa," alisema Stane.

"Ndiyo, mama."

Mlango ukafunguliwa. Bulajić alijaribu kumzuia, lakini Vukota alishapita, kamba za viatu mkononi, miguu pekupeku ndani ya viatu, kwani soksi zilikuwa zimebaki kwa mkemia wa polisi.

"Ni mimi, mama Stane," alisema. Alipiga magoti kwenye zulia chakavu la serikali. "Senka alisahau. Alipanda kulala akasahau. Mimi ndiye niliyeshuka baadaye, nimelewa, nikaliziba kwa akili yangu. Nipige. Nitemee mate. Ni mimi."

Stane alimtazama kijana yule ambaye yeye mwenyewe alimkata nywele tangu utotoni. Hakumpiga. Alimgeukia Zagorka.

"Ni kweli anavyosema?"

Vukota, akiwa bado amepiga magoti, alikuwa anamtikisia Zagorka kichwa. Bulajić alikuwa ametazama ukuta.

"Siyo kweli, mama," alisema Zagorka.

Nje, gari la kuzolea takataka lilirudi kinyumenyume kwenye uchochoro, likapiga king'ora chake chembamba, likanyamaza. Stane alikaa vilevile. Watu wa kituo walikuwa wamezoea kilio chake tangu Jumapili, na baadhi walisema baadaye kwamba ukimya ule ndio uliowafanya watoke ofisini mwao kutazama kuna nini. Vukota alitaka kumshika mkono. Stane akauondoa, bila ukali, kama mtu anayeondoa kitu cha mwenzake kilichowekwa mahali pasipo pake.

Kisha aliisogeza glasi ya maji pembeni, akaisogeza na kahawa, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu, vifundo vya mikono vimekaribiana.

"Basi nifungeni mimi."

"Mama, hakuna sheria ya hilo."

"Una vitabu vingapi hapo nyuma yako?"

"Hakuna kosa, mama. Hakuna kifungu. Ulikuwa unamtunza mwanao."

"Kitafute," alisema Stane.

Zagorka hakusogea.

"Kitafute, binti. Mimi nangoja."

Na mikono akaiacha pale pale mezani.